Mwalimu Asiyekaa Kitako

Dukani kwangu kuna kigoda ambacho kila mtu wa mtaa huu amekikalia isipokuwa Mwalimu. Wamekikalia wateja, wamekikalia wambeya, amekikalia hata yule askari wa kaunti aliyekuja kunifungia duka akaishia kunywa chai. Mwalimu alikuwa akija karibu kila siku, na kila siku alisimama. Atashika kaunta, ataiachia, ataenda mlangoni kutazama nani apita, atarudi. Nikimwambia, "Mwalimu, keti basi, wanitia kizunguzungu," hunijibu, "Kaa wewe, unikalie na mimi." Basi nilikaa kwa niaba ya watu wawili, na ndiyo sababu nimenenepa.

Mimi nauza vifaa vya umeme: balbu, soketi, nyaya, vitu hivyo. Duka aliniachia baba, limo kwenye uchochoro wa Mji wa Kale ambao tuktuk mbili zikikutana, moja sharti irudi nyuma na dereva atukane. Nyumba ya Mwalimu inatazamana na duka. Alinifundisha fizikia shule ya upili kabla hajastaafu, na tangu hapo hakuacha kunifundisha, nitake nisitake. Ukiniuliza alizaliwa lini na nasaba yake ni ipi, sikwambii. Watu wa mji huu tuna ugonjwa wa kumwanza mtu kwa babu yake, ukija kufika kwa mtu mwenyewe chai imepoa.

Nitakwambia nilichokiona. Nilimwona akitembea. Asubuhi yuko Marikiti akibonyeza embe za watu, mara yuko Liwatoni akiulizia samaki changu, mara yuko Majengo kumjulia hali mwanafunzi wa zamani aliyejifungua, na adhuhuri haijaadhiniwa. Upindo wa buibui lake ulikuwa umelika kwa kuburura mawe ya vichochoro. Hata kula alikula akizunguka. Mara moja tulikuwa kwenye harusi, bibi harusi amekwishapandishwa kwenye kiti chake, mashallah kama malaika, na zile taa ndogondogo nyuma yake zikawa zinapepesa vibaya. Wanawake wote wamekaa, wanapiga vigelegele. Mwalimu alipanda jukwaani, akapita nyuma ya bibi harusi, akainama chini ya mapambo na kuanza kukaza waya. Kwenye video ya harusi ile mpaka leo bibi harusi anatabasamu, na ubavuni mwake limetokeza kalio la Mwalimu.

Na alikuwa amesoma, si mchezo. Alikwenda ng'ambo, nchi ya baridi, akakaa miaka katika maabara yenye giza akitazama kitu kimoja tu: namna eksitoni zinavyotembea. Usikimbie. Hata mimi nilitaka kukimbia siku aliyonieleza, lakini nilikuwa ndani ya kaunta na yeye ndiye aliyeziba njia.

Alichukua balbu ya LED, mpya, ya kuuza, wallahi, akaitoa kofia yake kwa ukucha akanionyesha vile vipunje vya manjano ndani. "Humu mna tabaka," akasema. "Jembamba mno, jicho halilioni. Juu yake pana tabaka jingine na chini yake jingine, na yote mawili hayapitiki. Hilo la kati ndilo tunaloliita kisima cha kwanta."

"Kisima cha maji?"

"Cha maji kitu gani! Kisima kilicholala. Aliyemo haendi juu wala haendi chini, ukuta umembana. Kwenda kando ndiyo ruhusa yake, huku na huku, basi."

"Kama sisi na vichochoro vyetu."

"Ahaa! Kumbe hukuwa ukilala darasani."

Sasa humo kisimani, akasema, mwanga au umeme ukiipiga elektroni, elektroni huruka ikatoka mahali pake, na pale ilipotoka hubaki pengo. Nikamwambia pengo ni kutokuwa na kitu, haliwezi kuhesabiwa. Alinitazama kwa huruma. "Ulipokuwa shule, msichana mmoja akitoka katikati ya foleni ya mahamri, anaacha nini? Pengo. Aliye nyuma akisogea kuliziba, pengo limekwenda wapi? Limerudi nyuma yake. Na wa nyuma yake akisogea? Basi pengo latembea, na lina nguvu ya kuvuta. Elektroni yataka lile pengo, na pengo laitaka elektroni. Zinazungukana, zinakwenda pamoja. Hao wawili ndio eksitoni."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka zikutane. Elektroni ikiangukia kwenye pengo, mambo yamekwisha, eksitoni imekufa. Hicho kifo chake ndicho unachokiuza hapa, mwanga." Akairudisha balbu yangu kaunta ikiwa imevunjika kofia, akaenda zake.

Shuleni alitufundisha jambo hilohilo kwa leso. Kila pea ya wasichana walipewa leso moja, huyu ashike pindo hili ni elektroni, yule ashike pindo lile ni pengo, na kwenye varanda ndefu akachora mistari miwili ya chaki, kuta za kisima. Akipiga makofi mnasogea, popote mlikoelekea, bila kupanga. Sakafu ya varanda ilikuwa mbovu, imebonyea hapa na pale. Ukikanyaga penye bonde na yeye akasema "Baridi!", mmenasa, hamtoki. Akisema "Joto!" mnaruka mnatoka, mnaendelea. Mikono yenu ikigusana, mpige kelele "Mwanga!" kisha mtoke nje. Tulikuwa tukigusana haraka, maana varanda ilikuwa nyembamba na sisi tulikuwa wajinga. Hakuna pea iliyofika hata nusu.

Siku ya pili akapanga madawati katikati ya varanda, safu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Elektroni akae upande huu wa madawati, pengo upande ule, leso ipite juu. Alipopiga makofi tukaanza kwenda. Hatukuweza kugusana, madawati yalituzuia, na leso haikutuacha tuachane. Tulikwenda, tukanasa, tukatoka, tukarudi, tukaenda tena, mpaka kengele ikalia, na mimi na mwenzangu tukawa tumefika mwisho kabisa, mlangoni mwa stoo. Mwalimu alikuwa akiruka kwa furaha kama mtoto wa chekechea. "Mmeona? Visima viwili vilivyopakana, ukuta mwembamba katikati, huyu huku na huyu kule. Hazikutani, kwa hiyo hazifi upesi. Zikiwa hazifi upesi, zafika mbali!" Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya ng'ambo, kupima zile pea zilizotenganishwa na ukuta zinafika wapi.

Halafu akarudi Mombasa kufundisha. Watu walimsikitikia, elimu yote ile. Mimi sikumsikitikia, mimi nilimkasirikia. Nilimwuliza dukani, kwa ukali, kwa nini aliacha mambo makubwa akaja kupiga makofi kwenye varanda mbovu. Akatembea mpaka mlangoni akarudi. "Kule tulikuwa tukizipoza sana zile eksitoni ili tuzione vizuri," akasema. "Zikipoa zinalala kwenye mabonde yao, kila moja na shimo lake. Na mimi nikaanza kupoa. Aliyetulia usimsifu, mwanangu, pengine ni baridi tu imemshika." Neno hilo alikuwa nalo kila mahali. Mtu akisifiwa kwa utulivu mbele yake, hakosi kuuliza kama amepimwa joto.

Lakini mtu huyohuyo, mwenye kuhubiri mwendo, alikuwa havuki maji. Tangu aliporudi hakutoka kisiwani. Feri haipandi, daraja la Nyali halipiti, harusi ikiwa Kisauni hutuma zawadi. Ukimwuliza, atakwambia amekwishakwenda mbali, sasa anakwenda kando. Siku hizi anaishi Likoni, ng'ambo ya feri, mtu yule yule. Nani aliyemvusha ndiyo habari yenyewe, na siwezi kuisema kabla sijamtaja mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa kofia, zile za kushonwa kwa mkono. Yeye alikuwa akikaa. Subhanallah, mtu yule alijua kukaa! Atakaa asubuhi kwenye mkeka wake ghorofani karibu na dirisha, ameegemea ukuta, subana kidoleni ya kusukumia sindano, na utamkuta jioni papo hapo, kofia imeongezeka vitobo. Hakupenda kelele. Miaka ya mwanzo ya ndoa waliishi nyumba moja, na Mwalimu akitembea juu ya kichwa chake, ukumbini, ngazini, jikoni, mpaka maskini Fundi akawa anajichoma vidole. Mwalimu akarudi nyumba ya mamake, iliyokuwa tupu. Nyumba hiyo na ya Fundi zimepakana, ukuta wa ghorofani ni mmoja.

Mtaa ukasema ameachwa. Kwanza ulisema kwa kunong'ona, kisha ukasema tu, kama unavyosema bei ya nazi. Miaka ikapita, waliozaliwa wakakua wakijua kwamba Mwalimu ni mwanamke aliyeachika na Fundi ni mtalaka wake, na adabu yao ni kuwa hawagombani.

Sasa sisi wasichana tulikwenda kwake kusoma tuition baada ya skuli, chumba cha ghorofani. Yeye akifundisha hutembea kutoka dirishani mpaka ukutani. Alasiri ikiadhiniwa, akifika ukutani hugonga kwa kifundo cha kidole, ko-ko, husubiri, na upande wa pili husikika ti-ti, kitu kidogo cha chuma. Huendelea na somo. Tulidhani mtalaka wake analalamikia kelele zetu, tukawa tunacheka chinichini.

Nilikuwa mtu mzima mwenye duka nilipomwuliza. Sikumwuliza kwa busara, nilimwuliza kwa umbeya. "Mwalimu, kwani Fundi alikupa talaka ngapi?"

Alisimama. Yaani alisimama kweli, miguu yote miwili ikatulia. "Mtaa huu nimekaa miaka mingapi? Na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akanieleza. Hapakuwa na talaka hata moja. Chakula cha mchana wanakula pamoja darini, juu, ambako ukuta wa nyumba mbili ni mfupi, mtu huruka kwa hatua, na hakuna awaonaye ila kunguru. Alasiri wanagongeana ukuta. Yeye akigonga anasema nipo, na Fundi akijibu anasema na mimi nipo. "Tungekaa chumba kimoja tungalikwisha zamani," akasema. "Ungesikia mlipuko, ungeona na mwanga."

"Na mbona huwaambii watu? Wanakuita mwachwa!"

"Hawajauliza."

Nilitaka kumpiga na balbu. Mtu ambaye atamfuata dereva wa tuktuk mpaka Forodhani kumsahihisha kuhusu betri, habari yake mwenyewe imepinda mbele ya macho yake na hainyooshi! Lakini ndivyo alivyokuwa. Kwake jibu bila swali lilikuwa kama maji uliyommwagia mtu ambaye hakusema ana kiu.

Basi ikaja alasiri moja akagonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Nilimwona kutoka dukani akitoka mlango wake mbio, kichwa wazi, leso mkononi, akisukuma mlango wa pili. Fundi alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kofia mapajani.

Tulizika kabla ya magharibi. Asubuhi yake dada yake Fundi, Bi Mkubwa, alikuwa amekwishavuka kutoka Likoni na kushika nyumba ya kaka yake. Ni mwanamke mzito, mwenye sauti, aliyemlea Fundi tangu mama yao alipofariki. Wanawake tulijaa ukumbini juu ya mikeka. Mwalimu akaingia, hana wanja, hana manukato, amejifunga leso kuukuu, akasema, "Wifi, nimekuja kukaa eda."

"Eda ya nani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Ya mume wangu."

"Lo! Mume gani? Mume uliyemkimbia ukakaa kwa mamako, yeye akawa anakula mkate mkavu na sindano? Mji mzima wajua kaka yangu alikuacha. Leo amekufa ndiyo umekuwa mke?"

"Nyumba ni yenu, sitaki chochote humu," Mwalimu akasema. "Nataka kukaa tu."

Nilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, nataka kukaa. Mwanamke ambaye hakuna kiti mjini hapa kilichomjua, anaomba ruhusa ya kukaa, miezi minne na ushei ndani ya nyumba, asitoke ila kwa dharura. Na ananyimwa.

Wakamwita sheikh. Alisimama ngazini, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima ya wanawake, akauliza jambo moja tu. "Ndoa ilifungwa mbele ya watu. Talaka nani aliisikia?"

"Mji mzima," akasema Bi Mkubwa.

"Mji mzima si shahidi. Nataka mtu mmoja mwenye masikio mawili."

Hapo ungecheka kama si msiba. Huyu kaambiwa na jirani yake, jirani yuko papo hapo, yeye kaambiwa na shangazi yake. Shangazi kasikia kwa mwenye kuuza maandazi, ambaye ni marehemu. Neno likazunguka ukumbini likarudi lilikotoka bila ya kumpata mwenyewe. Nikasema kwa sauti, "Mimi nilimwuliza Mwalimu. Hakuachwa." Bi Mkubwa akanikata: "Huyo amekwambia lake. Aliyekufa hakukwambia."

Sheikh akamaliza. "Basi ni mke wa marehemu, na eda ni wajibu wake. Atakaa katika nyumba aliyokuwa akikaa mauti yalipomfika mumewe."

"Si humu?" Mwalimu akauliza, kwa sauti ndogo nisiyoijua.

"Si humu, Mwalimu. Kwako."

"Na akae," akasema Bi Mkubwa, na sasa alikuwa akilia. "Sheria imempa. Mimi simpi. Mimi sitamwita mke. Kaka yangu alikaa peke yake, na amekufa peke yake kama mtu asiye na watu, na huyu yuko ukuta wa pili anatembea!"

Hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Si nyumba, si sheria. Mwalimu akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake nimejaa hasira. "Safari hii jibu, Mwalimu! Jibu hata kama hukuulizwa! Mwambie mlikuwa mkigongeana!"

"Hakuuliza," akasema. "Amenihukumu. Ni vitu viwili." Akafunga mlango.

Wiki zikapita. Bi Mkubwa alikaa nyumba ile kupanga vitu vya kaka yake, na hakuvuka kizingiti cha wifi yake hata kumpa pole. Balbu ya ngazi ya Mwalimu ikaungua, nikapata sababu. Nikapiga hodi, hodi, hodi.

"Karibu."

Nikajua kuna kitu. Siku zote sauti yake ilikuwa ikitembea, neno la kwanza liko jikoni, la mwisho liko ngazini. Hii ilitoka mahali pamoja. Nikapanda, nikamkuta amekaa. Amekaa kitako kwenye mkeka ghorofani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtoto. Sijui kwa nini nilitaka kulia zaidi ya siku ya mazishi. Juu ya kichwa chake, ukutani, palikuwa na kishimo kidogo kwenye chokaa, cheusi kwa mafuta ya mkono. Ni pale alipokuwa akigonga wakati alipokuwa mtu wa kusimama.

"Wanitazamia nini? Sijafa," akasema.

"Mwalimu, eksitoni, pengo likiondoka, ile elektroni inafanyaje?"

"Basi si eksitoni tena. Ni elektroni tu, imo kisimani."

"Yatembea?"

"Yaweza." Akafikiri. "Haina sababu."

Alasiri ikaadhiniwa. Akageuza mkono bila kuinuka, akagonga ukuta usawa wa bega lake, ko-ko. Akasubiri. Nikasubiri na mimi. Hapakuwa na kitu.

"Najua hayupo," akasema. "Usinikodolee macho. Natimiza zamu yangu."

Nikashuka. Sikuenda dukani, niliingia mlango wa pili na kupanda ngazi bila kukaribishwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Fundi, amezungukwa na kofia ambazo hazijaisha. Aliponiona tu akaanza. "Afadhali umekuja, mwanangu, unishuhudie. Kila alasiri yule mwanamke anipigia ukuta! Ati nihame. Nyumba ya kaka yangu nihame!"

Maneno yote yalinijia mdomoni kwa pamoja. Lakini nilifundishwa na nani? Nikaketi. Nikaona ubavuni mwake, ukutani, usawa wa bega la mtu aliyekaa, kishimo. Kidogo, cha duara, kimechimbika kuliko kile cha upande wa pili.

"Bi Mkubwa, hiki ni nini?"

"Ni chumvi. Nyumba hizi za matumbawe zaliwa na chumvi."

"Chumvi hula hivi, kwa duara?"

Akageuka kutazama. Akatia kidole. Kidole kikazunguka ndani, kukavu, laini. Kwenye kopo la nyuzi mbele yake ilikuwamo ile subana ya Fundi, kijikofia cha chuma cha kidoleni. Sikuigusa, yeye ndiye aliyeichukua, polepole, akaivaa, akaisukuma kishimoni. Ikaingia na kukaa kama imekatiwa humo.

Halafu akauliza. Alhamdulillahi, akauliza. "Alikuwa akifanya nini hapa?"

"Akimjibu mkewe. Yeye hugonga alasiri kusema nipo. Fundi hujibu na mimi nipo. Nilikuwa nikisikia tangu mtoto."

"Kila siku?"

"Kitie kidole tena, Bi Mkubwa, wewe mwenyewe useme."

Hakutia. Alishika mdomo wake kwa mkono wenye subana, mabega yakaanza kutikisika. "Kumbe alikuwa na mtu," akasema. "Kumbe mwanangu alikuwa na mtu." Kisha akanifukuza, "Nenda, nenda dukani kwako, una kazi," na mimi nikaenda.

Sikuweza kuuza kitu kesho yake. Nilimpa mteja soketi badala ya swichi. Alasiri ilipokaribia nikafunga duka nikapanda kwa Mwalimu, nikamwambia nimekuja kutazama kama balbu ya ngazi inawaka vizuri. Hakuniamini, lakini alikuwa amekaa, hakuwa na nguvu ya kugombana. Adhana ikapita. Akageuza mkono akagonga, ko-ko, akaurudisha mkono mapajani, kazi imekwisha.

Ukuta ukajibu.

Haikuwa ti-ti ya Fundi. Ilikuwa ya mkono mzito usiojua desturi, iliyogonga mara tatu, taratibu, kama mtu aliye mlangoni anapiga hodi na hana hakika kama atapokewa. Mwalimu aliinua mgongo wake kutoka ukutani. Alishika sakafu kwa mikono miwili nikajua anainuka, sasa ataanza kuzunguka chumba. Hakuinuka. Aligeuka pale pale alipokaa, akaweka kiganja ukutani usawa wa bega lake.

"Karibu," akauambia ukuta, na machozi yakimtoka. "Karibu, wifi."

Tulisikia viatu vya Bi Mkubwa vikishuka ngazi upande wa pili, nami nikashuka mbio kumfungulia mlango. Eda ilipokwisha, ni yeye aliyemvusha Mwalimu kwa feri mpaka kwake Likoni.